Chungu Kilichogeuzwa

Uliuona mwili. Usiseme hukuuona. Asubuhi ile ulipita na pikipiki kwenye uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha feni, hapa hapa Gujranwala, ukaona miguu miwili imetokeza kwenye nyumba inayojengwa, ukaongeza mwendo. Hivyo hivyo umekuwa ukipita mbele ya Lango la Farasi, wanakouza viwanja, bila kuuliza nyuma yake kuna nini. Leo utasikiliza.

Marehemu ni Iftikhar, fundi feni aliyeanza kununua ardhi pole pole. Alilala kifudifudi sakafuni, kisogo kimepasuka.

Inspekta Kaukab Waraich alichuchumaa. Pochi ilikuwa mfukoni mwa marehemu. Pampu mpya ya maji haikuguswa.

"Muuaji tunaye, mama," Koplo Latif alisema. "Gulbaz, fundi mwashi. Analala hapa hapa. Eti alikuwa amekwenda kunywa chai! Pathani huyo, mtu wa milimani, hasira ziko puani."

"Kwani Mapathani hawanywi chai?"

Kando ya mwili palikuwa na tofali. Upande mmoja damu, upande wa pili alama nyeusi za vidole. Inspekta alinusa. Masizi na mafuta ya haradali. Akatazama juu ya mlango: kamba iliyokatwa ilining'inia.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Chungu cha kuzuia husuda, mama. Kile cheusi kilichopakwa masizi, chenye macho na meno. Si kila nyumba mpya inacho?"

"Kiko wapi?"

Latif aliangaza huku na huku.

"Pampu imeachwa, chungu kimechukuliwa. Mwizi gani huyo?"

Walimtoa Gulbaz garini. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa saruji.

"Mama, watanitia kitanzi?" aliuliza.

"Angeweza kunawa," Latif alinong'ona.

"Masizi na haradali? Muulize mkeo sufuria inavyomsumbua."

"Siulizi kitu, mama. Nitaambiwa nisugue mwenyewe."

Msiba uliwekwa nyumba ya pili, kwa Manzur, kaka mkubwa wa marehemu. Kila aliyeingia aliketi mkekani, akainua viganja kumwombea Iftikhar. Waliokuwepo wakainua pamoja naye. Manzur alitikisa kichwa tu. Joto lote lile, naye mikono yake imejificha ndani ya shali.

Inspekta aliketi mbele yake. "Tumwombee."

Viganja vyote vikainuka. Vya Manzur, hapana.

Safia, mjane, alikuwa amesimama mlangoni. "Shemeji," alisema, "inua mikono. Ni mdogo wako."

Manzur akainua. Weusi ulikuwa umejaa kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha.

Kituoni hakubishana sana.

"Alfajiri ulikuwa unafanya nini?"

"Natazama."

"Unatazama nini?"

"Nyumba yake. Kila siku naitazama. Baba alituachia shamba. Tuliuza, tukagawana nusu kwa nusu. Mimi nikaingia Lango la Farasi. Ofisi ina zulia, mama. Walinipa soda, wakanionyesha ramani ya rangi, kiwanja changu karibu na bustani."

"Kiwanja chenyewe ulikiona?"

"Niliona lango."

"Na nyuma ya lango?"

"Ngano. Ya wenyewe."

"Iftikhar hakukuonya?"

"Alinionya! Si ndicho kinachonichoma? 'Kaka, twende kwanza tukamuulize anayemwagilia lile shamba, ni la nani?' Nikamcheka mbele za watu, nikamwita dalali wa nyati, anayekagua meno kabla ya bei. Yeye akanunua kile kipembe cha ardhi nyuma ya kiwanda. Akauliza majirani, akamganda karani wa ardhi mpaka akajua hakina mgogoro. Akajenga chumba, akapangisha, kodi ikajenga kingine. Na kila chumba kikiisha ananiletea ladu, peremende za sherehe! Nazitafuna, zinanikwama hapa."

"Na chungu?"

"Kiligeuzwa wiki jana. Kikawa kinatazama dirisha langu. Mtaa mzima ukajua mwenye jicho baya ni nani! Nilikwenda kukitoa, akanikuta nimekishika. Hata hakukasirika. Akacheka. 'Chukua tu, kaka, nitanunua kingine.' Akanipa mgongo." Manzur alipiga meza. "Nitanunua kingine! Maisha yake yote yeye ananunua kingine! Nikaokota tofali."

Chungu walikikuta ndani ya tangi la maji juu ya paa lake.

Gulbaz aliachiwa jioni ile. Inspekta alimzuia mlangoni.

"Nani alikigeuza kile chungu?"

"Mimi, mama. Upepo ulikuwa unakigonga kwenye lipu mbichi."

Manzur yuko mahabusu, na ni haki yake. Lakini mwenye Lango la Farasi jana alikuwa anawapaka farasi wake wa saruji rangi mpya. Kabla ya farasi alikuwa na lango la tausi. Alikula akiba za watu, akafunga ofisi, akahamia ng'ambo ya mfereji. Wewe umesahau. Mimi sijasahau.

Inspekta amemfungulia jalada. Halina mlalamikaji hata mmoja, kwa sababu unaona haya jirani asije akajua uliliwa. Afadhali ununiane na ndugu yako aliyefanikiwa kuliko kumtazama usoni aliyekuibia!

Kama unataka kununua, weka hela mfukoni, zunguka nyuma ya lango, mtafute mwenye jembe umuulize ardhi ni ya nani. Na kama ulishalipa, vaa viatu. Mpitie na Safia: lango lile lilimla mume wake pia, atafuatana nawe. Kituo kiko wazi. Nenda sasa hivi, kabla rangi ya farasi haijakauka.