Kaa Nyuma Yangu

Ukuta wa kwanza kwenye gemu lile ulipumua, na Domo akausifia.

"Sikilizeni hiyo sauti, wapenzi watazamaji," alisema huku akibana hedifoni kwenye sikio la kushoto. "Nimejibanza hapa, adui yuko mbele kabisa, halafu kuna mtu anahema nyuma ya shingo yangu. Hawa watengenezaji hawakulala. Kwenye sauti sina la kusema."

Jina la Domo alipewa na dada yake tangu utotoni kwa kuwa hakuwa akiishiwa maneno, na domo hilohilo ndilo lililokuja kumlisha ukubwani. Kazi yake ilikuwa kucheza gemu jipya mbele ya kamera na kusema anavyoliona kwa mara ya kwanza. Hakugusa gemu kabla ya kurekodi, na akishaanza hakusimama wala hakukata kitu. Kilichowapendeza watu zaidi ni kwamba mhusika yeyote akizungumza kwenye kioo cha kompyuta, Domo alimjibu kwa sauti kama jirani yake. Akiambiwa "Kimbia!" hujibu, "Nakimbia mkuu, punguza makelele, nina masikio." Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Gemu la mchana ule lilikuwa la vita vya kujificha. Hukimbii hovyo uwanjani. Unajibanza nyuma ya ukuta, gari bovu au meza iliyopinduliwa, unachungulia, unafyatua, unarudi. Risasi zikizidi, ukuta unamegeka kipande kwa kipande, na usipohama mapema unabaki wazi kama kuku aliyenyonyolewa. Domo alisifia mwendo, akaponda rangi, akalalamika kwamba maadui ni wazembe. Chumba kilikuwa giza kwa sababu alikuwa ametundika blanketi dirishani jua lisipige kioo, na kutoka sebuleni cherehani ya dada yake ilikuwa ikilia kama kawaida.

Ndipo askari mmoja wa upande wake akatambaa mpaka kwenye ukuta wake. Chini ya kofia ya chuma hakukuwa na uso.

"Nifiche," alisema askari yule, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyekimbia sana.

Gemu zima lilikuwa la lugha ya kigeni. Domo alicheka, akapiga paja. "Jamani, mmesikia? Wametukumbuka na sisi! Njoo, ndugu yangu. Kaa nyuma yangu. Ukuta wako ni mimi."

Kwenye kioo askari akatoweka. Kiti cha Domo kikalia kama kinavyolia mtu wa pili anapokiegemea. Harufu ikaingia, ya udongo uliolowa na nywele zilizoungua. Domo akavua hedifoni ajikune sikio, na pumzi bado ilikuwa palepale, ya moto, shingoni.

Dada yake alisukuma mlango kwa kiwiko, kikombe cha chai mkononi.

"Ungeniambia una mgeni, ningeleta viwili."

"Mgeni gani?"

"Si huyo aliyechuchumaa nyuma ya..." Dada aliinama kutazama. Tabasamu likamtoka. Akaweka kikombe chini polepole, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na siku ile cherehani haikulia tena.

Domo alipoirudia video yake aliona walichokiona watazamaji wote. Kwenye pembe ya kioo, pale uso wake unapoonekana akicheza, juu ya bega lake palichomoza utosi mweusi. Alipogeuka kulia, utosi ulizama. Alipotulia, ulichomoza tena, ukachungulia. Watu walikuwa wamejaa kwenye komenti wakiuliza ni ujanja gani huo, wakitaka zaidi, na aibu ni kwamba Domo alifurahi. Alirekodi tena kesho yake, na kesho kutwa. Dada alipomwomba alizime dude hilo na kulitupa, alimwambia asimharibie riziki.

Kipigo cha kwanza kilimkuta jikoni akiosha vyombo, jua likiwa utosini. Pu! Kama ngumi kwenye gunia. Alianguka kifudifudi juu ya beseni, na dada alipompandisha shati alikuta shimo katikati ya mgongo, la duara, kavu, lisilo na tone la damu. Kandokando ya shimo ngozi ilikuwa imepasuka kama lipu ya ukuta, na ilipoguswa ilidondosha vumbi jeupe.

Daktari alimpa mafuta ya kupaka. Vipigo vikaendelea. Pu, akiwa chooni. Pu, akiwa anavaa viatu. Kila kimoja kilitanguliwa na ile pumzi kuharakisha na kucha kumng'ang'ania mabegani, na kila kimoja kiliondoka na kipande chake, hadi shuka zake zikawa zinakung'utwa vumbi kila asubuhi na yeye akawa anatembea kwa kushika ukuta, amekonda, amenyamaza, domo lote limekwisha.

"Nimekulea mimi," dada alimwambia, akimkanda mahali palipobaki pazima. "Mama alikuweka mikononi mwangu ukiwa hata kukaa hujui. Siwezi kukuzika, mdogo wangu. Sitaweza."

Alimleta mganga, mwanamke mfupi mwenye kandambili na mkoba wa plastiki, ambaye hakutaka chai wala maelezo marefu. Alimzunguka Domo mara moja, akanusa, akakaa sakafuni.

"Uliombwa hifadhi, ukakubali kwa mdomo wako," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu jini anawindwa. Alilofanya huko kwao silijui. Wanaomwinda hawamfikii, wanapiga kilicho mbele yake. Kilicho mbele yake ni wewe."

"Mfukuze," Domo alinong'ona.

"Hafukuzwi aliyekaribishwa. Ila anaweza kukosa pa kujificha. Ukuta uliolala chini si ukuta." Alionyesha sebule. "Toeni kila kitu humu. Viti, meza, cherehani. Kisha tutalala kifudifudi, sote, mashavu sakafuni. Akikosa kitu kilichosimama ataonekana, na watamchukua. Atakuumiza ili uinuke. Usiinuke. Na wewe binti, usikie utakachosikia, usiinuke. Atakayesimama ndiye ukuta mpya, na hatadumu kama huyu alivyodumu. Wamechoka kungoja. Kipigo kijacho hakimegi, kinabomoa."

"Wataniponda mimi?" dada aliuliza.

"Yeyote atakayekuwa mbele."

Walitoa vitu. Dada mwenyewe aliibeba cherehani mpaka uani, akarudi akifuta mikono kwenye kanga. Walilala, mganga karibu na mlango, Domo katikati, dada upande wa dirisha. Nje kulikuwa mchana wa kawaida, mtu akipiga mluzi, ndoo ikijazwa maji.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha Domo akasikia magoti yakitambaa sakafuni, yakizunguka chumba, yakigonga pembe hii na ile, yakitafuta. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani. Magoti yakarudi, yakampanda miguuni, yakampanda kiunoni, na kucha zikaingia kwenye yale mashimo ya mgongo, moja moja, bila haraka, zikashika kingo na kuanza kuvuta juu kama mtu anayeinua mfuniko uliokwama, na mdomo ukamwegemea sikioni ukimwambia ainuke, ainuke kidogo tu, magoti tu, huku dari juu yao ikianza kutetema kwa hatua za wengi wanaokuja pamoja, na Domo akauma ulimi, akauma mkono wake, akakojoa palepale alipolala, na maumivu yakapita pale ambapo mtu bado anakumbuka alichoagizwa.

"Dada!" alipiga yowe. "Dada, ananiua! Njoo!"

"Usiinuke, binti!" mganga alisema.

Dada aliinuka. Hakufikiri hata kidogo. Hakuwahi kufikiri sauti ile ilipomwita, tangu siku za kuota meno. Alivuka chumba kwa hatua chache, akamsimamia juu, mikono imetanda, akipepea hewani kama anayefukuza mbwa.

"Toka! Mwache mtoto!"

Na mgongo wa Domo ukawa mwepesi. Kucha zilichomoka zote kwa pamoja, pumzi ikatoka shingoni mwake, na alipogeuza shavu akaona utosi mweusi ukizama nyuma ya bega la dada yake.

"Lala chini!" mganga alipaza sauti. "Binti, lala sasa hivi, bado wakati upo!"

Dada alisikia. Uso wake ulionyesha amesikia, kwa sababu alianza kupiga magoti, mkono mmoja umetangulia sakafuni. Akilala yeye, jini angerudi kumtafuta Domo, na yale magoti yangempanda tena, na kucha zile. Domo alilijua hilo haraka kuliko alivyowahi kujua jambo lolote. Alinyoosha mikono miwili, akamshika dada yake kiwiko, akamsukuma juu.

"Simama hapohapo, dada," alisema. "Kidogo tu. Nakuomba."

Dada alimtazama. Hakujitoa.

Kipigo kilitoka upande wa dirisha bila kuvunja kioo. Kilimpiga dada kifuani, na kwa muda mfupi chumba kizima kilijaa vumbi jeupe hata wasionane, na ndani ya vumbi kitu kililia kwa sauti ya mtu aliyeshikwa, kikaburutwa, kucha zikikwaruza saruji kuelekea ukutani, kisha ndani ya ukuta, kisha mbali. Harufu ikatoka. Nje yule mtu bado alikuwa akipiga mluzi.

Mganga aliinuka, akajikung'uta, akapapasa mgongo wa Domo. Mashimo yalikuwa yamejifunga, ngozi laini kama ya mtoto.

"Ametoka," alisema. "Umepona."

Kisha akapiga magoti upande wa pili, pale dada alipolala macho wazi, vumbi limemjaa kwenye kope, akamfumba macho na kumfunika uso kwa kanga yake mwenyewe. Alitaka kumnyoosha mikono akashindwa, kwa sababu Domo alikuwa bado ameshika kiwiko kile.

"Mwachie," mganga alisema.

"Siwezi."

Ilibidi mganga ambandue vidole kimoja baada ya kingine. Alipomaliza alichukua mkoba wake, akavaa kandambili, akasimama mlangoni bila kumtazama.

"Mimi nafukuza majini," alisema. "Wewe sina dawa yako."

Akatoka, akaurudishia mlango taratibu, na Domo akabaki sakafuni akiwasikia majirani wakiuliza uani cherehani hii ya nani, mbona imeachwa juani.