Tarehe ya Machweo

Kila Jumamosi asubuhi Kavinya hupaka twiga rangi ya viatu. Twiga huyo ni wa mbao. Anakaa juu ya televisheni, kwenye nyumba yao katika mtaa wa Jericho. Hana masikio.

Baba yake, Mativo, ndiye aliyemchonga. Siku ya kusafiri kwenda Juba kutafuta kazi ya useremala, alikuwa amefika kichwani.

"Hapa juu usipake," alimwambia Kavinya. "Mbao ikishapakwa, patasi inateleza. Nikirudi nitamaliza masikio."

Wakati huo Kavinya alikuwa na miaka tisa. Sasa ana kumi na tano. Mwaka wa kwanza baba alipiga simu kila Jumapili. Halafu simu ikanyamaza. Mpaka leo Kavinya hupiga ile nambari. Mpaka leo yule mama wa kwenye simu humwambia mteja hapatikani. Amemzoea mpaka karibu amwamkie.

"Paka na hapo juu," mama yake, Ndindi, alisema Jumamosi hiyo. "Hawezi kukaa hivyo milele."

Kavinya alizunguka kichwa cha twiga kwa kitambaa, akapaacha pale pa masikio.

Ndindi aliweka fomu mezani. Kavinya alikuwa ameitwa shule ya bweni, ile aliyoitamani tangu akiwa mdogo. Lakini Ndindi anauza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, sokoni, na muthokoi hauwezi kulipa bweni. Tumaini lao lilikuwa basari, ule msaada wa karo.

"Hapa wanauliza hali ya baba," Ndindi alisema. "Tutaandika marehemu. Wamama sokoni wanasema yatima wanasaidiwa kwanza. Nenda saiba, kwa Caleb. Atatengeneza programu ya mazishi, tuiambatishe. Picha ni hii."

"Mama, lakini baba hajafa."

"Wewe unajua hivyo?"

Kavinya hakujua. Hapo ndipo palipomuuma.

Saiba ya Caleb, kibanda cha kompyuta na kuchapisha, iko karibu na soko. Ndani kulikuwa na Aluoch, msichana jirani wa ploti yao, anayeishi na nyanya yake. Alikuwa anatoa kopi ya karatasi mbili zilizochakaa kwenye mikunjo.

"Niaje, Kavi," Caleb alisema. "Mama yako alishaniambia. Leta picha."

Punde si punde, uso wa baba ukajaa kioo cha kompyuta. Alikuwa anacheka, vumbi la mbao kwenye nyusi. Caleb alizungushia maua pembeni. Chini akaandika "Macheo", akaweka mwaka wa kuzaliwa. Kisha akaandika "Machweo", vidole vikasimama.

"Machweo niweke lini?"

Kavinya alitazama lile neno. Baba alikuwa anamcheka pale juu. Kavinya ndiye atakayechagua siku ya baba kufa? Jumatatu? Siku ya mvua?

Aluoch alisogea. Aliona picha, akaona maua.

"Kavi! Haki pole. Sikujua." Alimshika mkono. "Ni lini?"

Kavinya aliangalia karatasi za Aluoch. Zilikuwa vyeti vya vifo. Moja ya mama, moja ya baba. Zote mbili zilikuwa na tarehe, na tarehe zile hakuna mtu aliyezichagua.

"Na wewe unaomba basari?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Eeh. Lakini wanasema nafasi ni chache. Tuombeane."

Kavinya alichomoa mkono wake, akakimbia nyumbani.

Mlangoni alimkuta mama akitoa minji kwenye maganda pamoja na majirani wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Teresiah, aliyefundisha somo la dini miaka mingi kabla ya kustaafu. Mwingine alikuwa Habon, mwenye duka la vitambaa.

"Caleb anataka tarehe," Kavinya alisema.

"Sshh," mama alifanya.

"Tarehe ya nini?" Mwalimu aliuliza. "Kuna harusi na sijaalikwa?"

Kavinya akaanza kulia. Akasema yote.

Minji iliacha kuanguka kwenye sufuria. Ndindi aliinua kidevu.

"Sasa mnihukumu. Mungu anaona moyo wangu. Hata wale wakunga wa Misri walimdanganya Farao, na Mungu akawabariki!"

"Kweli kabisa," Mwalimu alisema. "Walidanganya kuokoa watoto wa wengine. Shingo iliyokuwa hatarini ilikuwa yao. Wewe hapa, hatari ni ya nani?"

Ndindi aliliponda ganda mkononi.

"Nafasi ni chache," Kavinya alisema. "Na Aluoch ameomba."

"Kwetu Waislamu," Habon alisema polepole, "tunafundishwa kwamba anayekula haki ya yatima anakula moto. Usikasirike, Mama Kavinya. Nasema nilivyofundishwa. Na nia yako naijua, ni nzuri. Lakini nia nzuri haioshi kitu kilichochukuliwa."

"Ni rahisi kusema," Ndindi alijibu. "Mtoto akikosa shule, mtaniletea nini? Aya?"

"Hilo ni swali la haki," Mwalimu alisema. "Watu wamebishana juu yake tangu zamani. Kuna wanaosema, angalia matokeo. Kitendo kizuri ni kile kinacholeta mema. Sawa. Lakini ukiangalia matokeo, usiangalie nyumba yako tu. Mhesabu na Aluoch."

"Na wengine?" Kavinya aliuliza. Hata yeye alishangaa kusikia sauti yake.

"Wengine wanasema kuna wajibu, hata kama hauna faida leo. Wanauliza, je, kila mtu akifanya hivi? Ploti nzima ikichapisha programu za uongo, nani ataamini karatasi za Aluoch? Halafu kuna wale wanaouliza, nikifanya hivi, nitakuwa mtu wa aina gani?" Alichukua ganda lingine. "Mimi nikikwama, najiuliza yote. Kisha naomba. Dini haijanizuia kufikiri, Mama Kavinya. Inanikumbusha kuna jirani."

Ndindi aliangalia mikono yake.

"Mnadhani mimi sijachoka kumngoja?" alisema. "Mke wa marehemu hupewa pole. Mimi napewa nini? Nilifikiri, nikiwa na tarehe, angalau nitajua siku ya kulia."

Habon alimwekea mkono mgongoni. Kavinya hakuwahi kujua kwamba mama pia alikuwa anangoja.

"Ulishawahi kuripoti polisi kwamba amepotea?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana. Niliogopa wataniambia ana mke mwingine."

"Basi tuanzie hapo. Ukiripoti, wanaandika kwenye kitabu na kukupa nambari. Ukweli wenu pia una karatasi. Na kwa fomu, andika hivyo hivyo. Chifu anawajua, ataandika barua."

Ndindi alifuta macho kwa leso. "Kavinya, rudi kwa Caleb. Mwambie afute."

"Afute picha?"

"Afute maua. Na hilo neno. Picha atoe kubwa."

Jumatatu Kavinya, mama yake na Mwalimu walienda kituo cha polisi. Askari aliuliza urefu wa Mativo, alama zake, nguo za mwisho. Ndindi alijibu yote bila kufikiri. Alikumbuka hadi kifungo kilichokosekana kwenye shati. Walipotoka, alikuwa ameshika kijikaratasi chenye nambari kana kwamba ni barua kutoka Juba.

Kwenye fomu, penye hali ya baba, Kavinya aliandika: "Amepotea. Tunamtafuta." Akaambatisha barua ya chifu na ile nambari.

Baada ya mwezi majina yakabandikwa. Aluoch alipata basari nzima. Kavinya alipata nusu. Shule ikakubali nusu ya pili ilipwe kidogo kidogo. Aluoch alimkumbatia pale pale mbele ya watu. Safari hii Kavinya hakuchomoa mkono.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kwenda bweni, Kavinya alikuwa anapanga sanduku. Polisi hawakuwa wamepiga simu. Picha ya baba ilikuwa ukutani, anacheka, bila maua.

"Nani atampaka twiga nikienda?" aliuliza.

Ndindi alichukua kitambaa, akakichovya kwenye rangi. Akapaka miguu, akapaka shingo ndefu, taratibu, mpaka kichwani.

Alipofika pale pa masikio, akasimama. Akapapuliza vumbi, akapaacha mbao tupu.