Chaki ya Kahiga

Haya yalimpata rafiki yangu Mbuvi, mkata miti wa Gatongora. Tangu mti umuue mwenzake Kahiga, pawaso yao, msumeno wa mashine wenye cheni, haikuguswa. Kahiga ndiye aliyekuwa akiinoa: analamba chaki, anatia alama jino la kuanzia, kisha anapitisha tupa mara tatu kila jino.

Juzi Mbuvi akapata kazi Thika. Akaenda stoo kuichukua mchana, giza la mvua limetanda. Kufuli ikiwa mkononi, bado haijafunguliwa, akasikia ndani: kwaru, kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Kahiga," akasema, machozi yakimtoka, "pumzika, ndugu yangu. Nitamalizia mimi."

Tupa ikanyamaza. Akafungua. Hakukuwa na mtu. Nusu ya meno ya cheni ilikuwa inang'aa, na kwenye jino la kwanza chaki ilikuwa bado mbichi kwa mate.