Gauni la Mwenye Duka la Sare

Kila jioni, kabla ya kwenda darasa la watu wazima, Mama alifunika cherehani yake na kumwita bintiye.

"Profesa wangu, njoo unifundishe kidogo."

Alimwita Profesa kwa sababu binti huyo alikuwa akiongoza shuleni katika somo la Kiingereza. Jioni ile rafiki yake Profesa alikuwa mlangoni, akibana kicheko kila Mama alipojikwaa kusoma. Profesa akaona aibu.

"Slim na skinny, yote si mwembamba?" Mama aliuliza. "Mteja nikitaka kumsifu, nimwambie lipi?"

Profesa alijua vizuri. Slim ni mwembamba wa kupendeza. Skinny ni aliyekonda akabaki mifupa.

"Skinny," akajibu bila kupepesa macho. "Slim ni tusi. Usithubutu!"

"Mungu akubariki, mwanangu."

Rafiki akatoka mbio kwenda kuchekea nje.

Kesho yake alikuja mwenye duka la sare, ambaye ndiye aliyempa Mama kazi ya kushona sare. Alikuwa ametoka hospitali juzi tu, na gauni aliloshonewa na Mama lilimpwaya. Mama, futi ya kupimia shingoni, alibana kiuno cha gauni kwa pini. Kisha akasema kwa furaha, "Madam, you are very skinny!"

Mwanamke yule alijitazama kwenye kioo, akagusa mifupa ya shingo yake.

"Hata wewe, fundi?" Akalivua gauni. "Sare nitapeleka kwingine."

"Nimekosa nini? Mwanangu ndiye aliyenifundisha!"

Wote wawili wakamgeukia Profesa, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mama alikuwa akitabasamu, akingoja kutetewa.

"Alisikia vibaya," Profesa akasema. "Huyu hashiki kitu."

Tabasamu likamtoka Mama. Akapiga magoti, akaanza kuokota pini sakafuni.

"Labda nilisikia vibaya," akasema polepole. "Msamehe mtoto, Madam."

Hapo Profesa akashindwa kuvumilia. "Nilimdanganya! Nilitaka tumcheke."

Mwenye duka akamrudishia Mama gauni. "Endelea, fundi. Sare ni zako." Akamtazama Profesa. "Mimi nimekondeshwa na ugonjwa. Mama yako utamkondesha wewe."

Jioni Mama alifunika cherehani, akachukua begi lake.

"Elimu ni amana ya Mungu," alisema. "Anayekuuliza amekuamini. Ukimdanganya, hata ukweli wako hautakuwa na wa kuupokea."

"Mama, nikufundishe leo?"

"Hapana, binti. Nitamuuliza mwalimu."

Hakumwita Profesa.