Walisema Bipu za Machimboni Hazina Mtumiaji

Nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, naishi Nyahanga hapa Kahama kwenye chumba cha kupanga. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Wasomaji wenzangu, msitegemee nilie humu ndani. Machozi yalikauka, sijui hata yalikwenda wapi... Nitasimulia tu, kama mtu anayetaja bei ya mchele.

Mimi na mchumba wangu Deo, kijana wa familia ya Kikatoliki ya Ushirombo, tulikuwa tunatunza programu moja ya bure. Bure kwelikweli! Msimbo wake uko wazi mtandaoni, anayetaka anauchukua, anayeweza anaurekebisha. Wenzetu wengine walijitolea kutoka nchi za mbali, hatujawahi hata kushikana mikono. Programu yenyewe ilikuwa ya kupeleka ujumbe kwenye simu: bei za mazao, siku za kliniki, matangazo ya vijiji. Deo ndiye alikuwa kiongozi wetu.

Ndani yake kulikuwa na sehemu ndogo niliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya mdogo wangu Masanja, aliyekuwa anachimba dhahabu upande wa Geita. Nyie mnawajua watu wetu. Salio la nini, wakati kubipu ni bure? Bipu moja ni "nimefika", mbili ni "nipigie". Basi nikaifundisha programu lugha hiyo. Kabla ya kushuka duarani, yaani kwenye shimo, wachimbaji wanabipu namba yetu. Wakitoka wanabipu tena. Bipu ya pili isipofika hadi jioni, programu inatuma meseji kwa maduara ya jirani: nendeni mkawatazame wenzenu.

Na ilifanya kazi! Kuna watu walishafukuliwa wazima kwa sababu ya meseji ile, kifusi kimewafika kifuani.

Sasa, kila sehemu ya programu inataka mtu wa kuitunza. Ukigusa hapa, kule kunaharibika. Wenzetu wakachoka, wakaweka utaratibu: sehemu isiyotumika itatangazwa kwenye ukurasa wetu, watu watasubiriwa, na asipojitokeza wa kupinga, inastaafishwa. Utaratibu mzuri tu. Hata mimi niliukubali.

Lakini kwenye hesabu za matumizi, sehemu yangu ilisoma sifuri. Mnajua kwa nini? Zilihesabiwa simu zilizopokelewa. Na bipu ikipokelewa si bipu tena! Nilimweleza Deo jambo hilo tukiwa tunakula, akacheka, akasema wazungu hawawezi kuelewa kubipu hata ukiwachorea. Yeye alielewa. Hilo ndilo linaloniuma... au ndilo lingeniuma, kama ningekuwa bado nasikia maumivu.

Katikati ya mambo hayo mama yangu alianguka akavunjika nyonga, huko nyumbani kwetu Mhunze. Nikafunga mizigo. Nikamwambia Deo neno moja tu: sehemu ya bipu isiguswe mpaka nirudi. Akanijibu niende nikamuuguze mama mkwe wake, mengine nimwachie yeye. Nikamwachia. Ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara ya pili. Nisingemwamini yeye, ningemwamini nani?

Kumbe Deo alikuwa na mkutano mkubwa Dar es Salaam, na alitaka kwenda kuonyesha toleo jipya. Sehemu yangu ilikuwa inamchelewesha. Tangazo likawekwa, kwa Kiingereza. Kanisani tangazo linasomwa mbele ya watu wanaokujua tangu unatambaa, mwenye pingamizi anasimama. Hili letu nani wa machimboni angelisoma? Masanja alikuwa na kitochi, simu ya vitufe isiyojua mtandao ni nini! Siku zikapita, hakuna aliyepinga, Deo akaiondoa. Wala hakunipigia kuniambia.

Siku ile Masanja na wenzake wawili walibipu, wakashuka. Namba yetu iliita kama kawaida, maana laini haikukatwa. Kilichoondolewa ni kile kilichokuwa kinasikiliza. Jioni ikafika. Wa maduara ya jirani walikula, wakapiga soga, wakalala.

Asubuhi, Mama Kulwa anayewapikia chakula akaona sahani tatu za jana ziko vilevile. Akaenda kuchungulia duarani. Matimba, zile nguzo za kuzuia udongo, yalikuwa yamekatika. Walipofukua, wawili walikuwa wameshapoa. Wa tatu alikuwa bado ana joto, lakini hana pumzi. Huyo wa tatu ndiye Masanja.

Nilipopigiwa simu nikatoka Mhunze, nikalipa nauli, nikamsalimia mlinzi wa machimbo, kama siku nyingine yoyote. Mchimbaji mmoja wa duara la jirani alinifuata, kofia mkononi, hawezi kunitazama.

"Dada, hatukupata meseji," aliniambia. "Tukajua wametoka."

Nikampigia Deo palepale. Sikumwambia kilichotokea. Niliuliza tu kama sehemu ya bipu ipo. Akaanza kuzungukazunguka, toleo jipya ni jepesi, wenzetu wamefurahi, mkutano ulikwenda vizuri...

"Ipo au haipo?"

"Kabula, hakuna aliyepinga. Na wewe hukuwepo," akasema, tena kwa utani. "Asiyekuwepo na lake halipo."

Nikamwambia Masanja amekufa. Nikakata simu.

Msibani Deo alilia kuliko watu wote. Akina mama walimshika, wakampa maji. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka na nyonga yake, akaniita. Akaniuliza kama ile namba, mtoto wake alipobipu, iliita. Nikamwambia iliita.

"Sasa ilikuwa inamwita nani, mayu?" Mayu, yaani mama, ndivyo anavyoniita mimi binti yake.

Nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Ng'ombe wa mahari walirudishwa Ushirombo. Deo aliirudisha ile sehemu kwenye programu, wenzetu wa mbali wakaandika pole ndefu, nzuri. Nilizisoma zote. Sikusikia kitu. Nakula, nafanya kazi, naamka. Watu wanasema nimejikaza. Sijajikaza, nimekufa ganzi.

Ndugu zangu mnaotunza vitu vinavyotumiwa na watu, nawasihi... Kabla hamjaondoa kitu, pandeni gari mkawaulize wanaokitumia, kwa lugha yao, hukohuko kwenye matope. Msiseme hawakulalamika. Mliwaonyesha wapi pa kulalamikia?

Na nyie dada zangu, neno lenye uhai wa mtu msimwachie mchumba kwa sababu tu mnampenda. Pigeni kelele, gombaneni, muonekane wabishi. Mimi ningegombana na Deo mapema pengine tungeachana, ningelia, ningepona. Na mdogo wangu angekuwa hai.