Dada Mapanga wa Maili Moja

Jumatano hiyo umeme ulikatika ofisini kwa kina Zuwena, barua kumi na mbili zikiwa hazijatolewa kopi, na bosi wake akamtuma Maili Moja kama mtoto anavyotumwa chumvi. Alipita stendi akiwakwepa makonda na wauza korosho, mafaili kifuani, gauni lake la dira, la zambarau, kalishika kwa mkono mmoja, mtandio wa kijivu ukimteleza kila hatua. Duka la kwanza aliloliona lina jenereta lilikuwa la Halidi.

"Karibu dada. Kopi ngapi?"

"Mbili mbili. Na ufanye haraka kaka'angu, nilikotoka kuna mtu anasubiri kunigombeza."

Halidi alicheka. Alikuwa kijana mrefu, fulana yake nyeupe imenyooshwa pasi mpaka mikononi. Nyuma yake palining'inia pazia la buluu, na nyuma ya pazia zilisikika kelele za vyuma vikigongana, kisha kinanda, kisha mwanaume mzima akilalamika, "Nimekufa tena!"

"Humo ndani kuna nini?" Zuwena aliuliza.

"Gemu. Ya watu wazima hiyo, wa chini ya miaka kumi na minane hagusi pazia."

"Mimi nina ishirini na saba."

"Basi umefuzu. Chungulia."

Alichungulia. Jina halisi la gemu ile lilikuwa la kigeni na hakuna aliyelimudu, kwa hiyo Maili Moja nzima waliiita Dada Mapanga. Mwanamke mwenye gauni jeupe na mapanga mawili membamba alikuwa akipita katika jumba la majini, anakata shingo. Damu haikuruka kama damu. Yalimwagika maua mekundu, sakafu ikajaa. Na gemu haikuhesabu maiti peke yake, ilitoa alama za uzuri. Ukirudia pigo lile lile, alama zinashuka. Ukisubiri panga la adui likaribie kabisa ndipo ukwepe, kinanda kinapanda na maandishi yanawaka: MARIDADI. Ni ukatili uliovishwa nguo ya harusi, na mimi nisiyependa fujo nakiri kwamba ukishaangalia, shingo haigeuki.

Shingo ya Zuwena haikugeuka. Barua zilifika ofisini zimechelewa, na akagombezwa kweli.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alirudi.

"Leo kopi ngapi?"

"Hakuna kopi. Nipe pedi ya gemu."

Ndani ya mwezi mmoja aliwapita wanaume wote wa nyuma ya pazia. Mtandio aliufunga kisogoni, viatu akavua, ulimi kauweka pembeni ya mdomo, na majini yakaanguka kwa mpangilio. Halidi aliacha kuangalia skrini, akawa anamwangalia yeye.

"Hiyo mikono ya kufungulia mafaili imejifunzia wapi kuua?"

"Kwenye mafaili hayo hayo."

"Sema kweli, mpenzi."

Zuwena alisimamisha mchezo. "Ofisini nasema samahani mara ishirini kwa siku. Nyumbani Kisarawe, tangu baba afariki, naambiwa mtoto wa kike hapandishi sauti. Hapa nikipandisha sauti naambiwa maridadi. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Hakumwelewa vizuri, lakini alimpenda, na mtu akipenda hujiona anaelewa kila kitu. Zikaanza simu za asubuhi. "Dada Mapanga, umeamka?" "Nimeamka, mtoa kopi wangu. Umekunywa chai?" "Nakusubiri wewe uje uninyweshe." "Utasubiri mpaka uoe." Halidi akasema ataoa. Mjomba wake, Mzee Omary, akaanza kuandika barua ya posa.

Barua ilikuwa iende Kisarawe kwa Mzee Zahoro, baba mkubwa aliyemlea Zuwena. Shangazi Mwanajuma ndiye aliyepanga siku, na kwa ajili hiyo akapewa namba ya Halidi. Mila ya kule Halidi aliijua: mshenga anakaa mkekani, shangazi anaingia ndani kumuuliza binti mara tatu. Binti akinyamaza, ameridhia. Hatakiwi kusema lolote.

"Yaani kazi yako ni kukaa kimya tu," Halidi alimtania.

"Kimya nakiweza. Nina digrii ya kimya."

Ijumaa kabla ya posa Zuwena alifika kwenye jini la mwisho. Lilikuwa jibabu lenye ndevu, limekaa kitini wala halisimami, linapiga kwa mkono mmoja. Halidi alimrekodi kwa simu kutoka nyuma. Zuwena alikwepa, akakata, akakwepa, na sauti ikamtoka ambayo Halidi hajawahi kuisikia.

"Simama! Simama, Baba Mkubwa! Hilo la mikorosho ya baba yangu! Uliiuza bila kuniambia! Na hili, na hili!"

Wanaume nyuma ya pazia walipiga makofi, wakacheka, na Halidi akacheka nao. Alidhani ni utani. Jioni akaiweka video hiyo kwenye status, na juu yake akaandika: "Mke wangu mtarajiwa, msimchokoze." Akaongeza kopa tatu nyekundu za mapenzi. Laiti angeishia kwenye kopa.

Shangazi Mwanajuma alifungua status asubuhi, amekaa barazani Kisarawe anachambua mchele, kaka yake Mzee Zahoro pembeni kwenye kiti chake cha siku zote. Aliongeza sauti, akidhani ni kichekesho. Sauti ya Zuwena ikajaza baraza. Mchele ukabaki kwenye ungo.

Zuwena alifika kwao mchana ule kwa ajili ya posa ya Jumapili. "Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Mwanangu, ungeniuliza tu. Miaka yote hii, ungeniuliza."

Hakumgombeza. Angalau angemgombeza! Zuwena aliingia chumbani, akapiga simu.

"Halidi, umefanya nini?"

"Nimefuta, mpenzi, nimeshafuta! Sikujua kama ni mambo ya kweli. Nilijisifia, nilitaka watu wakuone ulivyo."

"Walikuwa wananiona miaka ishirini na saba. Pale nyuma ya pazia ndipo mahali pekee nilipokuwa siangaliwi."

"Nisamehe. Nitakuja kumpigia mzee magoti."

"Yeye hana neno na wewe. Kasema mshenga aje."

Halidi akashusha pumzi. Kama mzee karidhia, imebaki nini?

Jumapili Mzee Omary alikaa mkekani, kanzu nyeupe, barua ndani ya bahasha. Mzee Zahoro aliipokea kwa mikono miwili. Shangazi akaingia ndani, mlango akauacha wazi kidogo ili wa nje wasikie, ingawa hapakutarajiwa cha kusikia.

"Zuwena binti Faraji, Halidi anakuposa. Unaridhia?"

Kimya. Nje Mzee Omary alitabasamu.

"Unaridhia?"

Kimya. Kijiko cha sukari kikagonga kikombe mahali fulani.

"Kwa mara ya mwisho, mwanangu, unaridhia?"

"Siridhii."

Hakupandisha sauti. Alilisema kwa utulivu, na hapakuwa na mtu wa kupiga makofi. Mzee Zahoro alirudisha bahasha haijafunguliwa, akaomba radhi. Zuwena alipiga simu mwenyewe, hakutaka Halidi asikie kwa mwingine.

"Unanipenda au hunipendi?" Halidi alilia wazi, dukani, mbele ya wateja.

"Nakupenda. Lakini mume ni sitara, Halidi. Nikiwa na siri nyingine, nitaipeleka wapi?"

Huo ulikuwa mwezi wa Machi. Aliomba uhamisho, akapelekwa ofisi ya kata Magindu, kwenye wafugaji na mashamba. Halidi hakulitoa pazia wala hakuondoa gemu. Kumbukumbu ya mchezo wa Zuwena aliiacha pale ilipoishia Ijumaa ile, jini kitini, uhai wake umebaki kidogo tu, na alimkataza kila mtu kuigusa.

Septemba, mchana wa jua kali, simu iliita.

"Mtoa kopi."

"Dada Mapanga. Hujambo?"

"Sijambo. Nilimuuliza Baba Mkubwa. Kuhusu mikorosho. Tumekaa, kanieleza yote, tumelia wote wawili." Akavuta pumzi. "Lile jini bado lipo?"

"Lipo. Limekaa linakusubiri. Limebakiza pigo moja."

"Sitaki tena kulipiga. Lifute."

"Zuwena, na mimi je? Wewe na mimi, ungenyamaza siku ile tungekuwa wapi?"

"Hapo dukani. Nimevaa dira, nakunywesha chai."

"Basi nikuulize mwenyewe, bila shangazi. Utarudi?"

Kimya. Ng'ombe alilia kwa mbali, upande wa Magindu. Halidi aliibana simu sikioni, akahesabu pumzi zake, na tabasamu likaanza kumjia taratibu. Binti kanyamaza.

"Halidi," Zuwena alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa, "usikihesabu kimya hiki. Hiki ni cha kulia tu."