Bafta Yenye Doa la Hina

Swafiya hakukimbia. Ukikimbia Loring Park na buibui na miwani ya jua, watu watakuangalia.

Alitembea mbiombio tu.

Mbele yake, mzungu wa jaketi la kijani alikuwa anasukuma toroli. Juu ya toroli, mche mrefu umelazwa, umefungwa gunia juu mpaka chini. Minneapolis nzima ilikuwa inapanda miti wiki hiyo. Nani angeshuku?

Lakini ule haukuwa mche.

Swafiya akajifanya anapiga selfie, akajikwaa kwenye toroli, akasema sorry. Kufikia hapo AirTag, kile kidude cha kufuatilia mzigo kwa simu, ilikuwa ishaingia ndani ya gunia.

Mzungu akakata kona nyuma ya maua ya lailaki.

"Kalume, anakuja kwako. Jaketi la kijani," alinong'ona. Kisikizi chake cha sikioni kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi.

"Niko hapa kwa fauntini. Simwoni."

"Ana toroli, wewe."

"Swafi, nakwambia hakuna mtu."

Alipofika fauntini, pale maji yanaporushwa juu, alimkuta Kalume peke yake, anatazama mabata bukini na vifaranga vyao. Toroli tupu ilikuwa imelala ubavu kwenye nyasi.

"Tumemkosa tena," Kalume alisema, akatoa thamosi ya chai. "Kunywa kwanza. Mimi nina shifti Apple Valley, lazima ni-drive sasa hivi. Kesho twende Como?"

"Kesho Como."

Sasa sikia. Hawa wawili walikuwa majasusi wa Nairobi, na majira yote ya springi walikuwa wanatembea kwenye bustani wakijifanya wapenzi. Kalume ndiye aliyechagua njia, kila siku. Tulipu za Como. Maporomoko ya Minnehaha. Anabeba chai, anabeba mahamri, anamshika mkono penye matope. Na mkono ule, jamani, Swafiya alikuwa amesahau kwamba ni wa kazi.

Ndiyo maana hakumtajia AirTag. Si kwamba alimshuku. Ile chai ilimsahaulisha.

Kalume alipokwisha kuondoka, simu ikalia. Margaret, bosi wao, aliyeendesha mambo yote kutoka apartment yake huko New Hope.

"Unacho?"

"Kimenitoka. Lakini nimekitia alama."

"Gilbert ana ndege yake binafsi, inaondoka saa nane. Ikiruka, hatukioni tena. Yule Bibi Kasika amepiga simu tena, anauliza kama mzee wake amepatikana."

Kitu chenyewe kilikuwa kigango. Ile nguzo ya mbao iliyochongwa, ambayo Wagiriama humsimamishia mzee wao akifa, na roho yake hukaa hapo. Haiguswi. Haihamishwi. Hiki kilikuwa cha marehemu mumewe Bibi Kasika wa Kaloleni. Kiling'olewa usiku, na tangu hapo bibi huenda kila asubuhi kukaa kando ya shimo. Gilbert, tajiri mmoja, alikitaka akiweke sebuleni.

Swafiya alifungua iPhone. AirTag ilikuwa Lyndale Park, kwenye bustani ya waridi.

Akaita Uber.

Waridi zilikuwa bado vijiti. Huko huzikwa udongoni majira ya baridi, na watunza bustani ndio kwanza walikuwa wanazifukua. Kando ya barabara ilisimama vani nyeupe iliyochorwa maua ubavuni. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye mlango wa nyuma, na dereva hayupo.

Akafungua. Akapanda. Akashusha gunia.

Kigango kilikuwa kimevishwa.

Vitambaa vipya shingoni. Chekundu, kaniki, na bafta nyeupe. Kama kinavyovishwa nyumbani, na fundo la nyumbani. Mzungu hajui hayo. Gilbert hajui.

Kwenye bafta kulikuwa na doa la hina.

Swafiya akakaa chini.

Mwezi wa Januari, Swafiya alikuwa Mombasa. Kalume alimpigia simu: niletee kaniki na bafta, mama yangu anataka. Hina ikamwagika ndani ya begi. Kalume alicheka sana siku ile. Alisema sasa bafta imekuwa bi harusi.

"Swafi." Sauti nyuma yake. "Si tulisema kesho Como?"

Kalume alikuwa mlangoni na bastola yake, Glock.

"Nguo nilikubebea mimi," Swafiya alisema. "Niliacha viatu vya mamangu ili zitoshe."

"Sikumwibia mtu. Ni babu yangu huyu. Changu nimeuza."

"Kumbe Bibi Kasika ni bibi yako."

Kalume akainamisha macho.

"Na ukamvika kabla ya kumuuza."

"Ningempeleka uchi?" Kalume aliuliza. "Alikuwa ananijia usingizini. Shuka, Swafi. Gilbert yuko njiani."

"Sawa. Mwambie babu yako kwanza. Mwangalie usoni umwambie anaenda kwa nani."

Na Kalume, na mafunzo yake yote ya kijasusi, akainua macho kumtazama babu yake.

Ilitosha.

Teke la kifundo cha mkono. Glock ikaruka kwenye nyasi. Swafiya akamvuta kwa kola mpaka ndani, akaruka nje, akabamiza mlango, akazungusha ufunguo.

"Swafi, fungua." Alikuwa anagonga. "Nipeleke jela, sawa. Lakini usiniache naye humu."

Gilbert alifika na Range Rover nyeusi. Polisi walioitwa na Swafiya walikuwa washafika. Wakamwonyesha pa ku-park.

Simu.

"Mzigo?" Margaret aliuliza.

"Uko salama. Mpigie Bibi Kasika, mwambie mzee wake anarudi."

"Kalume je?"

"Ana mazungumzo na babu yake."

Swafiya aliufuata ufuo wa ziwa lililo kando ya bustani. Kisikizi kilikuwa bado sikioni, na cha Kalume hakikuwa kimezimwa. Alimsikia analia kwa Kigiriama, anaomba msamaha. Babu, nisamehe. Bibi, nisamehe.

Alipunguza mwendo, akasikiliza mpaka mwisho. Jina lake halikutajwa.

Alikitoa kisikizi, akakitupa kwenye pipa la takataka, akavaa miwani. Lailaki zilikuwa zimechanua njia nzima, na hii njia alijichagulia mwenyewe.